Limbwata ni mwiko mezani kwangu

Jumapili saa nane mchana tunakutana chumba cha nyuma cha duka la uchapishaji, Nasser Road, Kampala, ambako siku nyingine sita za wiki mimi ni mpanga kurasa. Mwenye duka huniachia ufunguo kwa sharti moja: tusiguse mashine. Meza yetu ndiyo ile ile tunayokunjia kadi za harusi, viti ni maboksi ya karatasi, na harufu ya wino haitoki hata uchome ubani. Tuko saba, wachezaji sita na mimi mwendesha mchezo. Wananiita Afande. Nililelewa kambi ya polisi, baba yangu alikuwa koplo, na Kiswahili changu nilikiokota kwenye foleni ya bomba la maji.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, mchezo wa kuigiza wahusika: hauna ubao wala mshindi kama ludo au matatu ya karata. Kila mchezaji ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini, mimi nasema dunia inamjibu vipi, na panapokuwa na mashaka tunatupa dadu. Ulianzia Marekani mwaka 1974 na Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, halafu ukazaa michezo mingine mingi. Dunia yetu sisi ni mji wa chumvi niliouiga Katwe, kule Kasese: vidimbwi vya chumvi kandokando ya ziwa, wachuuzi, mizimu, wafalme wawili wasiopikika chungu kimoja. Sasa waweke watu wazima sita katika mji kama huo kwa saa nne kila wiki, uone kama hawatapendana. Mapenzi huingia mchezoni bila kubisha hodi. Namna ya kuyapokea nimejifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe naanza nalo.

Msimu wetu wa kwanza, fundi simu mmoja alikuwa na mhusika mchuuzi, mtu wa maneno mengi. Mchuuzi huyo akaenda kwa mganga sokoni kutafuta limbwata, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamuuzia. Bei ilikuwa mabonge matatu ya chumvi. Akalitia kwenye uji wa mlinzi wa msafara, mhusika wa dada mmoja muuguzi. Nikasema tupa dadu. Ikaanguka kumi na tisa katika ishirini. Nikatangaza kama mchezesha bahati nasibu: "Basi, kuanzia leo mlinzi anakupenda, anakufuata popote." Meza ikalipuka kwa kicheko. Fundi akaanza kusimulia mlinzi anavyomkanda, anavyomtandikia. Muuguzi naye alicheka, kiganja mdomoni. Kisha akainamia simu yake mpaka tukafunga.

Jumapili iliyofuata alikuwa na zamu. Iliyofuata, mvua. Ya tatu hakutuma hata neno. Kama mwezi hivi baadaye nilimpelekea kadi za mwaliko alizoagiza dukani, akanitolea kiti nje ya mlango, akanipa chai, tukazungumza habari za watu wengine wote. Nilipokuwa nasimama ndipo aliposema, bila kunitazama: "Afande, siku ile dadu iliulizwa. Mimi sikuulizwa."

Sijapata kusikia kanuni nzuri kuliko hiyo, na yote ninayoandika hapa yametoka humo.

Anza na karatasi, mdomo baadaye

Miongozo mingi ya ng'ambo inakuambia ufanye kikao kabla ya mchezo, mkae mduara, kila mmoja aseme wazi asichokitaka. Nilijaribu. Niliuliza, "Kuna mtu ana jambo lolote asilopenda liguswe?" Wote wakanyamaza kama maji ya mtungi. Kisha mmoja akasema, "Sisi tuko sawa tu, Afande." Na hapo ndipo mwendesha mchezo anapodanganyika. Sisi hatusemi hapana mbele ya watu. Tunasema "tutaona". Tunasema "haya". Tunacheka. Tunakumbuka ghafla kwamba tumeacha sufuria jikoni. Mtu aliyelelewa kutomwaibisha mwenzake hadharani hatakuambia mbele ya watu watano kwamba hadithi ya mimba inamuumiza. Ukichukua kimya chake kama ruhusa, umeshamwibia.

Kwa hiyo natumia fomu. Naipanga mwenyewe, nakata vipande kutoka mabaki ya karatasi tuliyochapishia vipeperushi, vyote saizi moja, kalamu zote bluu. Upande wa kushoto kuna orodha ya mambo, upande wa kulia visanduku vitatu: NDIYO, PAZIA, HAPANA. Mtu anatia alama ya vema tu, haandiki, maana miandiko tunajuana. Chini kabisa naacha mstari mmoja mtupu kwa jambo nililosahau, na anayeutumia anaandika kwa herufi kubwa. Fomu zinakunjwa mara mbili, zinaingia kwenye kikombe, nazichanganya, nazisoma nikiwa peke yangu.

Wazo la visanduku hivyo sikulivumbua. Mbuni wa michezo wa Marekani, Ron Edwards, alileta mwaka 2003 wazo la mistari na mapazia. Mstari, ndiyo HAPANA yangu, ni jambo ambalo halimo kabisa katika dunia ya hadithi yenu, haliwahi kutokea, halitajwi. Pazia ni jambo linalotokea, ila kamera ya mawazo inageuka, mnajua limetokea na mnaendelea. Mimi nimeongeza NDIYO kwa sababu bila hiyo watu wanaona fomu kama karatasi ya mashtaka.

Orodha yangu ya sasa ina mambo kumi na manne. Kutongozana. Busu. Kulala pamoja. Uchi. Mimba. Kuharibika kwa mimba. Ugumba. Mahari na kuozwa kwa nguvu. Usaliti wa ndoa. Wake wengi. Ukahaba. Wivu na kupigwa na mwenzi. Mapenzi ya wahusika wa jinsia moja. Limbwata na uchawi wowote wa kumgeuza mtu moyo. Ubakaji haumo katika orodha. Nimeshaupigia mstari mimi mwenyewe, na nawaambia hivyo kabla hawajashika kalamu. Baadhi ya mambo hayafai kupigiwa kura.

Orodha iwe ndefu makusudi. Ukiandika "mapenzi" tu, watu wote watatia vema kwenye pazia na hutajifunza kitu. Yanayouma huwa madogo na ya pembeni. Msimu wa pili nilikuwa nimeshapanga hadithi nzima ya malkia asiyezaa, na wafalme wawili wanavyogombania ufalme kwa sababu hiyo. Majuma matatu ya kazi. Fomu moja ikarudi na alama kwenye ugumba: hapana. Sikujua ni nani, na sikuchunguza. Malkia nikampa watoto pacha wanaochukiana, na ukweli hadithi ikawa tamu zaidi, ingawa siku ile nilinuna.

Hapana moja inatosha. Haipimwi dhidi ya ndiyo tano, haitakiwi sababu, na ukiitangaza usisome idadi. Sema tu, "Katika mji wetu hakuna hili na hili, haya yatakuwa nyuma ya pazia, mengine tuko huru." Mtu akiuliza, "Nani huyo amekataa busu?" mjibu, "Mimi." Nimeshajitwika hapana nyingi zisizo zangu.

Na fomu hairudiwi kila juma, utawachosha. Mwanzo wa msimu, tena akiingia mchezaji mpya, basi.

Namna ya kushusha pazia

Hapa Kiswahili kina mali, na wengi wetu hatuitumii. Kampala lugha hii bado ina sifa ya kuwa ya askari na wezi, na wachezaji wangu wawili waliniapia kwamba haiwezi kutongoza mtu mpaka uibadili kwa Kiganda. Nikawauliza kama wamewahi kusoma maandishi ya kanga.

Baganda wana ssenga, shangazi upande wa baba, ndiye mwenye nafasi ya kumfunda binti mambo ya ndoa. Watu wa pwani wana somo na kungwi. Ukitazama vizuri, pote kuna mtu wake, mahali pake na wakati wake. Mambo hayo yanasemwa, tena kwa kina, ila si na baba, si mbele ya wageni, si wakati wa kula. Meza ya mchezo haina ssenga. Ina fundi simu, muuguzi, mwanafunzi wa chuo, dereva wa lori la Malaba mpakani, mshonaji, na kijana wa duka la dawa. Kwa hiyo ni juu yetu kuunda mlango ambao ukoo ungetuundia.

Pazia zuri lina sehemu tatu, na ninazifanya kwa sentensi chache. Kwanza ishara kwamba mlango unafungwa. Pili muda kupita. Tatu, na hii ndiyo watu huisahau, kitu kilichobaki asubuhi. Mfano wa majuzi: mhusika wa mshonaji na nahodha wa mtumbwi, ambaye ni mhusika wangu mimi, wamemaliza ugomvi wao. Nikasema hivi:

"Nahodha anainama, anapuliza kibatari. Mlango wa matete unavutwa. Huko nje wavuvi wanaendelea kubishana juu ya nyavu mpaka wanachoka. Alfajiri jogoo anawika, na unaamka peke yako. Mtumbwi haupo. Kwenye kigoda ameacha shanga moja nyeupe."

Mshonaji akauliza, "Shanga ya kiuno?"

Nikamwambia, "Wewe ndiye unayejua."

Akaiandika kwenye karatasi ya mhusika wake, na kwa Jumapili nne shanga ile ilibeba hadithi nzima. Hakuna aliyeona aibu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Ukishusha pazia halafu asubuhi hakuna kilichobaki, wachezaji wataona umewaogopa tu, na watakuwa wanalichungulia kila mara.

Kosa la kinyume chake ni pazia lenye matundu. Mwendesha mchezo anasema "mlango ukafungwa", kisha anaanza kuigiza milio. Hiyo si pazia. Ukishaifunga, funga.

Angalia pia lugha inapobadilika. Meza yangu inachanganya Kiswahili, Kiganda na Kiingereza, na mtu akianza kuona haya hukimbilia Kiingereza, maana neno la kigeni halichomi ulimi. Mwanafunzi wetu akisema sentensi tatu mfululizo kwa Kiingereza wakati wote tuko kwenye Kiswahili, najua tumekaribia ukingo. Napunguza mwendo, namgeukia mchezaji mwingine: "Wewe dereva, huku nyuma punda wako wamefika wapi?"

Kizibo

Fomu haiwezi kuona mbele. Kuna jambo uliloliona jepesi ulipotia vema, likija mezani linakukaba. Kwa ajili hiyo Mmarekani mwingine, John Stavropoulos, alibuni kadi yenye herufi X: inawekwa katikati ya meza, yeyote akiigusa, kinachosimuliwa kinaondolewa, na haelezi kwa nini. Nikaichapisha kadi hiyo vizuri kabisa, nyekundu, karatasi nzito yenye kung'aa. Nilijivunia. Nchi hii ikiona kadi nyekundu inaona refa. Siku ya kwanza tu dereva aliinyanyua juu kwa mkono mmoja na kupuliza filimbi kwa mdomo kwa sababu mhusika wake kaibiwa punda, na kuanzia hapo ikawa kichekesho. Nani ataigusa kwa jambo linalomuuma, wakati jana ilikuwa mzaha?

Sasa tunatumia vizibo vya soda. Kila mtu anacho kimoja mbele yake, meno yakitazama chini. Ukikigeuza meno yakawa juu, tunaruka. Hakihitaji kunyoosha mkono katikati ya meza, hakisikiki, na mtu anayechezea kizibo hakuna anayemshangaa. Kazi yangu ni kuvitazama. Nikiona meno, nakata pale pale, hata kama ni katikati ya neno: "Tunahama. Kumeshakucha, mko sokoni." Simtazami aliyegeuza. Hili la macho lifanyie mazoezi, kwa sababu shingo inageuka yenyewe.

Halafu kigeuze chako wewe mwenyewe mapema. Kila msimu mpya, ndani ya saa ya kwanza, nageuza changu kwa jambo dogo. Mara ya mwisho ilikuwa dereva akieleza namna jeraha la mguu linavyooza. Nikageuza, nikasema, "Mimi nimekula sasa hivi, turuke." Tukaruka. Baada ya hapo kizibo kimekuwa kitu cha kawaida, Afande mwenyewe anacho, hakuna ushujaa wowote ndani yake. Bila hivyo kitakaa pale kama kizima moto cha ofisini, ambacho kila mtu anajua kipo na hakuna anayejua kinavyofunguliwa.

Muulize mwenye kalamu

Mhusika akitaka kumtongoza mhusika wa mchezaji mwenzake, dadu hazihusiki. Hili ndilo neno la yule muuguzi. Dadu zinaweza kuniambia kama mlinzi wa lango, ambaye ni wangu, amefurahishwa na maneno matamu ya mchuuzi. Haziwezi kuniambia mhusika wa mtu mwingine anampenda nani. Limbwata, hirizi, macho ya jini, wimbo wa kuroga, vyote hivyo havina nguvu juu ya moyo wa mhusika wa mchezaji mezani kwangu, hata kama kitabu cha kanuni kinaruhusu. Na hata kwa wahusika wangu, dadu nzuri inampa mchuuzi tabasamu, kigoda, pengine siri. Haimpi kitanda.

Namna ya kuuliza nayo ni kazi. Usiulize mbele ya wote, "Je, unakubali?" kwa sababu tumeshasema jibu litakuwa "haya". Wakati wa chai namwita kila mmoja pembeni peke yake, nampa njia mbili ambazo zote ni nzuri kwa hadithi. Namwambia: "Mchuuzi anaonekana kumzengea mlinzi wako. Naweza kuifanya iende mbele taratibu, au naweza kumletea mchuuzi deni la mfalme wiki ijayo akasahau mapenzi. Ipi inakupendeza?" Akichagua deni, hajamkataa mtu. Amechagua hadithi. Na mwenzake hatajua kamwe kwamba palikuwa na swali.

Usidhani unajua kinachomzuia mtu. Nilikuwa na wachezaji wawili, mwanafunzi na kijana wa duka la dawa, wahusika wao wakaanza kutaniana vizuri, meza nzima ikifurahia. Juma la pili kijana akapoa kabisa. Nikafikiri ni haya ya kawaida. Kumbe katika mazungumzo ya kuosha vikombe wamegundua wote wawili ni wa ukoo wa Nkima. Kwa Baganda watu wa muziro mmoja, ndiyo alama ya ukoo, ni ndugu, hawaoani, na tangu siku ile alikuwa akimwita dada. Sasa mhusika wake amshike mkono mhusika wa dada yake, mbele ya watu? Ni igizo, ndiyo, na mimi niliyelelewa kambini na watoto wa makabila yote niliona ni jambo dogo. Kwake halikuwa dogo. Tukawafanya wahusika wale wagundue kwamba baba yao ni mmoja. Walicheka mpaka mwanafunzi akamwaga chai, na ule utani wao wa zamani ukageuka kuwa wa ndugu, mkali zaidi.

Wapo pia wasiokaa mezani. Fundi simu ana mke, na mke alikuwa akisikia tu kwamba mume anatoka kila Jumapili kwenda "kumpenda malkia". Nikamwomba aje naye siku moja. Alikaa saa mbili kwenye boksi la karatasi, akaona watu wazima wakibishana bei ya chumvi ya kuwaziwa, akaondoka akitikisa kichwa. Wivu ukaisha. Ulibaki mshangao.

Na wewe mwendesha mchezo, ukiwa unamwigiza mpenzi wa mhusika wa mtu, ongea kwa nafsi ya tatu. "Nahodha anakuambia amekukumbuka" ni tofauti kabisa na kumtazama mshonaji machoni na kusema "nimekukumbuka". Maneno yale yale, ila la pili limetoka kinywani mwangu kwenda sikioni mwake. Silisemi. Sauti ya kuigiza naiweka kwa vita, biashara na wazee wakorofi.

Jambo la sheria

Uganda huwezi kuandika habari za mapenzi ya wahusika ukaliruka hili. Sheria ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga ipo, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache ikaacha sehemu kubwa isimame. Ndani yake kuna kosa la kile inachokiita kuhamasisha, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20. Mimi ni mpanga kurasa, si wakili, sitakuambia hadithi inaishia wapi na kuhamasisha kunaanzia wapi. Naweza tu kukuambia tunavyofanya.

Mhusika si ushahidi juu ya mchezaji. Mwanafunzi wetu aliwahi kumchezea askari aliyefiwa na rafiki yake wa kiume, akaomboleza kwa uchungu, vizuri sana, na mmoja akarusha kimzaha: "Kumbe wewe ndivyo ulivyo!" Nilisimamisha mchezo. Sikupandisha sauti, nilifunga daftari. Nikasema mzaha huo katika nchi hii unaweza kumfanya mtu afukuzwe kwenye chumba alichopanga, na hapa mezani hautarudiwa, juu ya aliyepo wala asiyekuwepo. Ni mstari, kama ubakaji. Hatumuulizi mtu anampenda nani akitoka nje ya mlango huu, na hatukisii.

Simu zinakaa mfukoni, isipokuwa moja ya kutupia dadu. Hatupigi picha karatasi za wahusika, haturekodi sauti. Kundi letu la WhatsApp lina mambo mawili tu, saa ya kuanza na zamu ya nani kuleta chapati. Na mchezaji akitia hapana kwenye fomu, pale penye mapenzi ya jinsia moja, kwa sababu anaogopa, woga wake una haki sawa na sababu nyingine yoyote. Meza nyingine zitaamua tofauti. Ziamue zikijua zinachokiamua, na kila aliyekaa awe amekiamua mwenyewe.

Habari ya watoto ni fupi. Akiwepo mezani mtu wa chini ya miaka 18, kila kitu kuanzia busu kwenda juu kinatoka, bila fomu. Mpwa wa mshonaji ana miaka kumi na tano na huja siku za likizo. Siku hizo tunapigana na mamba. Na mhusika mtoto hawi sehemu ya jambo lolote la mapenzi, hata wachezaji wote wawe wazee wa miaka sitini.

Kikivuja

Hisia za mhusika huvuja zikamwingia mchezaji. Si ugonjwa, na wakati mwingine ndiyo raha yenyewe ya mchezo. Tatizo ni pale mmoja anapovujiwa na mwenzake hana habari. Nilimwona mchezaji mmoja wa zamani, hayupo tena nasi, akianza kumtumia mwenzake ujumbe usiku kwa jina la mhusika: "Mlinzi wangu umelala?" Yule dada alinionyesha simu bila kusema neno.

Nilimwita yule bwana siku ya kazi, si Jumapili, na si kwa simu. Nikamwambia: "Kaka, mhusika wako analala hapa dukani. Ukitoka, mwache. Ukimtaka dada wa watu kwa jina lako mwenyewe, hilo ni lako na lake, ila mchezo wangu usiwe kisingizio." Akasema amenielewa, ulikuwa utani tu. Baada ya juma moja ujumbe ulianza tena, nikamtoa. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, kisha nikawaambia wengine sentensi moja, "Fulani hatakuwa nasi tena, ni uamuzi wangu," ili kusiwe na wa kumlaumu dada yule. Alininunia, na bado tukikutana barabarani anavuka upande wa pili. Sawa.

Kwa kawaida haifiki huko, kwa sababu robo saa ya mwisho hatuchezi. Dadu zinazimwa, chai ya tangawizi inamiminwa, na tunaitana kwa majina yetu ya nyumbani. Dereva anaeleza foleni ya Malaba. Mtu analalamikia kodi. Ni wakati huo ninapozunguka na kuuliza chini chini, "Ile ya leo imekukaa vipi?" Huwa napata jibu la kweli tukiwa wote wawili tumeinamia vikombe.

Kisha nachukua fomu za msimu kama bado zipo, nazipitisha kwenye kisu cha kukatia karatasi, kifaa pekee ambacho mwenye duka ameniruhusu kugusa, mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana. Jumatatu vipande vinajazwa kwenye maboksi ya vikombe vya harusi.

Muuguzi alirudi msimu wa tatu. Nilimtumia fomu kwanza, kabla ya mwaliko, aione. Jumapili yake ya pili kizibo chake kikageuka meno juu, na moyo ukanipasuka, nikakata hadithi katikati: "Tunahama, kumeshakucha, mko sokoni." Wakati wa chai akaja mwenyewe kuniambia, ingawa sikuuliza. Ilikuwa ni kwa ajili ya panya. Nilikuwa nimesimulia panya wengi mno kwenye ghala la chumvi, na yeye panya hawawezi.